Wenye paka Mombasa: titrii, mafuta ya karafuu na difyuza, tuzungumze kabla hatujawamaliza nyau

MuuzaAtari (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, na wasiokuwa wa salamu hiyo, habari zenu.

Mimi nauza mafuta ya kunukia hapa mjini na nyumbani nafuga paka, kwa hivyo mada hii yanigusa pande zote mbili. Siku hizi wateja waingia dukani na simu mkononi, wananionyesha video ya mtu anamdondoshea paka mafuta ya titrii shingoni, ati viroboto wote wamekimbia. "Ami, nipe kichupa cha hayo." Nikiuliza ya nini na nikasikia ni ya paka, siuzi. Kuna wanaocheka, kuna wanaonuna wakavuka barabara hadi duka la pili, na huko wanauziwa. Nimechoka kubishana kaunta. Naandika hapa mara moja nipate kiungo cha kuwatumia.

Tuelewane kwanza: sizungumzii mafuta ya nazi wala ya simsim. Hayo ni ya kukamuliwa, ya kupikia. Nasema yale makali yanayotolewa kwa mvuke au kwenye maganda: karafuu, mdalasini, mkaratusi, nanaa, zaatari, mchaichai, mlangilangi, msonobari, machungwa na malimau, na hiyo titrii inayotoka kwenye mti wa Australia uitwao Melaleuca alternifolia. Kilo nzima ya karafuu kavu hutoa gramu 150 hadi 200 tu za mafuta, na asilimia 70 hadi 90 ya hayo mafuta ni kitu kimoja, eujeno. Kwa hivyo ukiniambia "karafuu si twaila kwenye pilau", ndiyo, waila punje, hunywi kichupa.

Sasa mbona paka na si mbuzi? Ini. Mwanadamu akipata vitu vya jamii ya fenoli, kama hiyo eujeno, ini lake huvifunga na asidi ya glukuroniki, vikawa vyayeyuka kwenye maji na kutoka na mkojo. Paka kazi hiyo haiwezi vizuri, kwa kuwa jeni inayotengeneza kimeng'enya chake kikuu cha kufunga fenoli, iitwayo UGT1A6, kwake ni mbovu. Ipo lakini haifanyi kazi. Wala si paka wa nyumbani peke yake, ukoo mzima uko hivyo, hata simba na duma wa Tsavo. Wataalamu wadhani ni kwa sababu wazee wao wamekula nyama tupu tangu zama na zama, hawakuhitaji kinga ya sumu za majani. Ni udhaifu huohuo unaofanya tembe moja ya parasetamoli iweze kumuua paka mzima.

Kisha kuna ulimi. Paka hushinda akijiramba. Ukimpaka kitu mgongoni asubuhi, mchana kiko tumboni. Kwa hivyo maneno ya "ni ya kupaka tu, si ya kunywa" kwa paka hayana maana.

Mwaka 2014 jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani lilitoa uchunguzi wa visa 443 vya mbwa na paka waliopata titrii ya asilimia 100, visa vya mwaka 2002 hadi 2012. Paka walikuwa 106. Dalili zilianza kati ya saa 2 na 12, na wengine walikaa nazo siku tatu: kutoka mate, kulegea, kuyumba, miguu ya nyuma kukataa, kutetemeka. Paka wadogo na wepesi ndio walioumia zaidi. Kiasi kilianzia mililita 0.1, yaani matone mawili matatu. Na lililonishika mimi kama muuzaji ni hili: katika asilimia 89 ya visa hivyo, mwenye mnyama ndiye aliyemtia mafuta kwa kusudi, akidhani anamtibu.

Difyuza nazo, vile vyombo vya kusambaza harufu chumbani. Zile za vijiti na za mshumaa hutoa harufu, na harufu kali yatosha kumkera paka mwenye pumu. Lakini za umeme, zile zinazotoa ukungu, zarusha vitone vya mafuta yenyewe hewani. Vitone vyatua kwenye makochi, vyatua kwenye manyoya, na ulimi wamalizia kazi.

Mimi sikatazi mtu kununua mafuta. Nunueni, nipate riziki. Ila ya paka, hapana.

BintiKibokoni

Mashallah Ami, somo zuri. Sasa na udi je? Kwetu chetezo hakipoi kuanzia Alhamisi jioni. Niwahamishe paka?

Barza_Ndefu

Haya maneno ya utafiti wa Marekani tumeyazoea. Nyanyangu Mji wa Kale alikuwa na paka hawahesabiki. Nyumba nzima yanuka udi, karafuu, asmini, halud, kila kitu. Hakufa hata mmoja kwa harufu. Walikufa kwa mbwa na kwa matatu. Paka ni paka, Mungu amemuumba na roho saba.

MuuzaAtari

@Barza_Ndefu mzee wangu, nyumba ya nyanyako naijua bila kuiona. Dari ndefu, madirisha ya pande mbili, uwanda katikati, na paka mwenyewe akichoka moshi yuatoka yuaenda zake Ndia Kuu kuchungulia samaki. Sasa lifananishe hilo na ghorofa la Nyali, chumba cha kulala, AC imewashwa, dirisha limefungwa kwa mbu, difyuza ya mkaratusi yatoa ukungu usiku kucha na paka amefungiwa ndani. Huyo hana pa kutokea. Halafu nyanyako alikuwa na karafuu za kopo na ubani wa kuchoma. Kichupa cha mafuta safi cha kununua kwa simu kikaletwa na boda hakikuwako.

@BintiKibokoni udi wa kuchoma ni moshi, si mafuta ya kupaka, na moshi wenyewe ni wa muda. Shida yake ni kifua. Kama paka wako ana pumu au yuakohoa, fukiza chumba kingine. Kama ni mzima, fungua madirisha na umwachie mlango. Chupa ya halud au atari, hiyo iweke kabatini kama unavyoweka dawa. Na jambo watu hawalifikirii: umejipaka atari kwenye viganja, wamnyanyua paka, wamsugua mgongo. Osha mikono kwanza.

Barza_Ndefu

Haya, la dirisha nimelikubali. La roho saba silirudishi.

Veti_wa_Kisauni

Mimi ni msaidizi wa mifugo, nimesajiliwa, si daktari mkuu, lakini natibu. Uzi umekaa vizuri, nataka kuongeza ya kazini.

Wanaoletwa kwangu kwa mafuta ya kunukia hawaletwi na watu wabaya. Huja na mtu anayempenda paka kweli, kambeba ndani ya kikoi, na ukimnusa paka kichwani waijua chupa kabla ya kuambiwa. Mara nyingi kisa kimeanza na viroboto. Mara nyingine ni fangasi, mtu kasikia karafuu huua fangasi. Mara nyingine ni mafua: mtoto wa paka ana kamasi, mwenyewe akampaka kifuani dawa ya kuchua ile ile anayopakwa mtoto wa mtu. Dawa hizo zina kafuri, mentholi na mkaratusi. Za kuchua misuli zina methili salisilati, ndugu yake aspirini, na aspirini nayo paka huitoa mwilini polepole mno.

Tazameni haya: mate yanayodondoka bila kukoma, kutapika, kutembea kama aliyelewa, kutetemeka, masikio na nyayo za baridi, kulala asiamke vizuri. Na kupumua kwa mdomo wazi. Mbwa akihema mdomo wazi ni joto la Mombasa, paka akifanya hivyo ni shida mpaka daktari aseme vingine.

Hakuna dawa moja ya kuyafuta haya mafuta mwilini. Tunachofanya ni kumtegemeza: maji ya mshipani, joto, dawa ya kuzuia kutapika au mtetemo, na kulinda ini. Ndiyo maana mapema ni bora kuliko ufundi.

Na jamani, agroveti. Mtu akikosa titrii hukimbilia dawa ya kuogeshea ng'ombe, "weka kidogo tu". Au hununua dawa ya viroboto ya mbwa akaikata nusu. Nyingi za mbwa zina pemethrini, na pemethrini kwa paka ni mtetemo na degedege. Kukata nusu hakusaidii. Soma pakiti, kama hakuna picha au jina la paka, irudishe.

Wa_Tudor

Samahanini naingilia. Naomba msaada SASA. Chupa ya mkaratusi imeanguka kutoka rafuni imevunjika, paka wangu amepita juu yake, miguu yote imelowa na tumbo. Yuwajiramba na mate yanamtoka. Yuwatembea sawa bado. Nifanye nini??

Mama_Mapaka

Mpe maziwa haraka dadangu, maziwa huua sumu.

Veti_wa_Kisauni

HAPANA maziwa. Usimpe maji ya chumvi wala usimtie kidole atapike, mafuta haya yakirudi juu yaweza kuingia mapafuni na hapo kazi inakuwa mbili.

@Wa_Tudor mfunge kwenye taulo asijirambe. Mtoe chumba hicho. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu, osha miguu na tumbo, suuza, rudia mpaka harufu iishe. Mkaushe sawasawa asishikwe na baridi. Mtu mwingine apige simu kwa daktari wakati wewe waosha. Beba kipande cha chupa chenye karatasi yake. Akianza kuyumba au kulegea, acha kuosha, mkunje kwenye taulo kavu, panda tuktuk nenda.

Wa_Tudor

Nimeosha mara tatu. Amenikata mikono yote. Ndugu yangu amempata daktari, anasema tuje. Twaenda.

BintiKibokoni

Mungu awafikishe. Tuambie.

Mama_Mapaka

@Veti_wa_Kisauni mwanangu mimi sikupinga, lakini kwetu mtoto akinywa mafuta ya taa apewa maziwa tangu enzi.

Veti_wa_Kisauni

Mama, shikamoo. Hata mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hapaswi kulazimishwa kutapika, ni sababu hiyohiyo ya mapafu, na maziwa hayaizimi sumu. Na mafuta ya kunukia hupenda shahamu, hivyo maziwa hayayazuii chochote. Apelekwe hospitali tu.

Mama_Mapaka

Marahaba. Haya nimesikia.

Pwani_Biolojia

Nyongeza ndogo kwa wapenda sayansi, si lazima msome. Hiyo jeni mbovu ya UGT1A6 iliangaliwa kwa wanyama wengi wala nyama, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Paka wote walikuwa nayo ikiwa mbovu. Lakini pia fisi kahawia wa kusini mwa Afrika, na sili tembo wa kaskazini, yule wa pwani ya Amerika upande wa Pasifiki. Wote wala nyama wakubwa. Mbwa naye hana nafuu kamili, kwenye ule uchunguzi wa titrii mbwa walikuwa 337, ila yeye jeni yake nzima.

Barza_Ndefu

Fisi hatumfugi Mombasa, twendelee.

Shoga_wa_Bamburi

Mimi nina swali na nisichekwe. Habasoda. Mamangu humpa paka habasoda kijiko kidogo, asema ni dawa ya kila kitu isipokuwa mauti.

MuuzaAtari

Hakuna wa kukucheka. Habasoda inayouzwa madukani mwetu ni mafuta ya kukamuliwa, sehemu kubwa ni mafuta mazito kama ya simsim, lakini ndani yake kuna sehemu ndogo ya mafuta ya kunukia, ndiyo ile inayokuwasha kooni ukinywa. Si sawa na titrii kwa ukali. Lakini mimi singempa, kwa sababu hakuna ugonjwa wa paka unaojulikana kuponywa nayo na ini lenyewe tumeshalizungumza. Hadithi ya habasoda imekuja kwa ajili ya watu, mamako asiudhike.

Shoga_wa_Bamburi

Nitamwambia umesema wewe, si mimi.

Kilindini_K

Mbu je? Mimi niko Likoni, difyuza ya mchaichai ndiyo inayonipa usingizi. Paka analala mguuni.

Veti_wa_Kisauni

Chandarua na wavu wa dirisha ndugu yangu. Havina harufu, na malaria inakingwa vizuri zaidi kwa chandarua chenye dawa kuliko kwa mchaichai. Ukiona lazima uwashe difyuza, washa chumba ambacho paka haingii, zima baada ya nusu saa, fungua dirisha kabla ya kulala. Na usimwage ule ukungu karibu na maji yake ya kunywa. Majani mabichi ya mchaichai ya uani akiyatafuna mara moja moja, aghalabu yatamchafua tumbo tu, akatapika akatulia.

Nataka pia niseme juu ya sakafu kwa sababu difyuza hazipo kila nyumba lakini deki iko. Sabuni za deki zenye mafuta ya msonobari, na ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe ukiitia majini, hiyo nayo ni ya jamii ya fenoli. Paka hukanyaga sakafu mbichi, akalala, akajiramba nyayo. Piga deki, suuza kwa maji matupu, mfungulie paka sakafu ikishakauka. Zile tembe nyeupe za kabatini za kufukuza nondo nazo zitoe kama paka hulala kabatini. Yuwacheza nazo kama golori.

Kilindini_K

Sasa mimi nimebaki na maji na sabuni ya kipande tu hahaha.

Veti_wa_Kisauni

Vinatosha.

Wa_Tudor

Nimerudi. Samahani kwa kukawia, simu ilizima. Amelazwa. Tulipofika alikuwa ameanza kutetemeka kichwa na mwili wa baridi, akawekwa dripu na chupa za maji moto pembeni. Daktari aliuliza kwanza kama tumempa kitu, nilipomwambia hatukumpa chochote na tumeshamwosha akasema vizuri. Asubuhi hii ameinua kichwa ameniangalia kwa hasira. Amechukuliwa damu waone ini. Bado hataki kula.

BintiKibokoni

Hasira ni dalili njema, alhamdulillahi.

Veti_wa_Kisauni

Poleni, na shukrani kwa habari. Kwenye kula, msiache ipite siku mbili tatu mkisema atakula akitaka. Paka asiyekula ini lake hujaa mafuta ya mwilini mwake mwenyewe, na huo ni ugonjwa mwingine juu ya wa kwanza. Samaki mdogo wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, mpashie moto kidogo anuse. Akikataa, daktari ana njia za kumlisha. Na uulize kama damu itarudiwa kupimwa baada ya siku chache, kipimo cha kwanza kikiwa safi si lazima kibaki hivyo.

Wa_Tudor

Ameramba mchuzi wa changu. Ameramba tu, nyama ameiacha.

Mama_Mapaka

Changu! Huyo anapona. Angekuwa anakufa angeomba dagaa.

Paka_Watano_Majengo

Nimesoma mwanzo hadi hapa. Swali langu ni la viroboto sasa, maana mmetunyang'anya titrii. Naishi nyumba ya vyumba vingi, uwanja mmoja, paka wa majirani wanaingia na kutoka. Nikiwatibu wangu kesho wamepanda wengine.

Veti_wa_Kisauni

Kiroboto unayemuona kwa paka ni wachache kati ya walioko nyumbani. Mayai na mabuu yako kwenye mkeka, kwenye nyufa, chini ya kitanda, kwenye kitambaa anacholalia. Fua matandiko yake kwa maji moto kila wiki, anika jua kali, hilo jua Majengo mnalo la bure. Fagia nyufa na pembe, takataka usiziache ndani. Kitana cha meno membamba, chana shingo na mgongo, viroboto wadondoshe kwenye bakuli la maji ya sabuni. Kwa mtoto wa paka mchanga hiyo ndiyo njia yenyewe.

Wakubwa wawekee dawa ya tone la shingoni iliyoandikwa paka, kwa uzito wake. Wote siku moja, sio mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Mkishirikiana na majirani mkachanga, uwanja mzima utapumua. Na daktari au msaidizi yeyote anayekuuzia, muulize usajili wake wa Bodi ya Veterinari Kenya. Haki yako, hataudhika kama anao.

MuuzaAtari

Na akikwambia atakuchanganyia yake ya asili kwenye chupa ya soda, shika njia.

Paka_Watano_Majengo

Tatizo ni hiyo "kwa uzito wake". Mizani ya paka naipata wapi?

Veti_wa_Kisauni

Panda mizani ya watu duka la dawa ukiwa umembeba. Kisha panda peke yako. Toa.

Paka_Watano_Majengo

Wa kwanza kilo tatu na nusu. Muuza duka amesema wa pili nimpeleke kwingine.